Madhambi ya Makusudi

Lugha yetu imefanya jambo la ajabu katika michezo. Mchezaji akivunja sheria uwanjani, watangazaji husema amecheza madhambi. Wengine husema faulo, na wengine rafu. Lakini hilo la madhambi limeenea mno, nalo ni mtoto wa neno dhambi. Hata hivyo hakuna msikilizaji anayedhani kwamba beki aliyemkwatua mwenzake yampasa kuungama jioni ile ile. Basi swali tunalowaletea wasomaji wetu ni hili: mtu akivunja sheria ya mchezo kwa kukusudia, hali anaijua adhabu yake na yu tayari kuilipa, je, amekosa? Au amenunua kitu kwa bei iliyotangazwa?

Tutalipima swali hili katika mchezo wa pool, ule wa kugonga mipira kwa fimbo juu ya meza yenye mashimo sita. Wazazi wengi hawaupendi kwa ajili ya mahali unapochezwa, na pengine wana sababu. Lakini mahali ni jambo moja na mchezo ni jambo lingine. Twauchagua kwa kuwa ndani yake hakuna mguu uvunjikao wala damu ichemkayo. Mchezaji husimama, hutazama, huhesabu, ndipo apige. Akivunja sheria kwa makusudi hawezi kusema kwamba alipitiwa na hasira.

Tuseme vijana wawili wanashindana. Wa kwanza amebakiza mpira mmoja tu kabla ya ule mweusi wa mwisho, nao umekaa karibu na shimo. Wa pili amebakiza minne, na kutoka mahali ulipo mpira mweupe haoni wake hata mmoja. Anafanyaje? Kwa kusudi anaupiga mpira wa mwenzake, ambao sheria inamkataza kuugusa kwanza, anausukuma mpaka unabanwa ukingoni nyuma ya mipira yake mwenyewe. Sheria ya kimataifa yasema kwamba baada ya kosa la namna hii mpinzani huchukua mpira mweupe mkononi na kuuweka po pote apendapo. Kijana wa kwanza anauchukua, anaizunguka meza mara mbili, wala haoni njia. Adhabu imelipwa, na faida imebaki pale pale.

Wako watakaojibu upesi kwamba huyu ni mwizi. Tusiende mbio. Huko Marekani, kwa miaka mingi ya karne ya 20, mabingwa walishindania mchezo uitwao straight pool, ambao mshindi wake hupatikana kwa hesabu ya pointi. Humo kosa la kawaida hutozwa pointi moja. Mchezaji aliyeachiwa mahali pabaya huugusa mpira mweupe kidogo tu, hulipa pointi yake, na kumrudishia mwenzake taabu ile ile. Mwenzake naye aweza kufanya vivyo hivyo. Lakini sheria imeweka mpaka: akoseaye mara tatu mfululizo hutozwa pointi 15 zaidi. Mambo yote haya hufanyika mbele ya macho ya wote wawili, na mlango alionao mmoja anao na mwingine. Hapo hatuoni hila yo yote. Kosa limekwisha kuwa namna moja ya kucheza, kama vile mcheza dama atoavyo kete moja iliwe ili naye ale mbili.

Snooker ina fikira nyingine. Katika mchezo huo, ulioanza kwa maofisa wa jeshi la Kiingereza huko India mwaka 1875, mwamuzi hatazami tu kama mpira umekoswa. Hutazama pia kama mchezaji amejitahidi kadiri ya uwezo wake kuupiga. Akiona hakujitahidi, mpinzani ana haki ya kutaka mipira irudishwe ilipokuwa, na mkosaji apige tena. Na katika pool ya namna ya blackball, mchezaji ambaye ni dhahiri hakujaribu hata kidogo kuupiga mpira uliompasa hupoteza mchezo mzima. Sheria hizi zaitafuta nia ya mtu. Haziuzi kosa kwa bei.

Kumbe, kabla ya kumhukumu mtu, sharti tuulize adhabu ile iliwekwa kwa shabaha gani. Jambo hili si geni kwa wanafalsafa ya sheria. Tangu mwaka 1236 Wadominiko walitangaza kwamba kanuni za shirika lao humfunga mtu kwa adhabu tu, si kwa hatia ya dhambi. Baadaye Francisco Suárez, Mjesuiti wa Hispania, katika kitabu chake kikubwa juu ya sheria kilichochapishwa mwaka 1612, alikubali kwamba zipo sheria za jinsi hiyo: mtunga sheria aweza kumwachia mtu achague, ama atii, ama alipe. Wengine walimpinga, wakisema kwamba sheria isiyofunga dhamiri si sheria, bali ni ushuru.

Majina nayo yana mizaha yake. Karne nne zilipopita, Suárez mwingine alitupa mfano. Siku ya tarehe 2 Julai 2010, mjini Johannesburg, Ghana na Uruguay zilikuwa sare ya bao moja kwa moja, na muda wa nyongeza ulikuwa ukingoni. Mpira wa kichwa wa Dominic Adiyiah ulikuwa unaingia golini. Luis Suárez, ambaye hakuwa kipa, akauzuia kwa mikono. Akapewa kadi nyekundu, na Ghana wakapewa penalti. Asamoah Gyan akagonga mwamba. Uruguay wakashinda kwa mikwaju ya penalti, 4 kwa 2, na Afrika ikakosa kuona timu yake ya kwanza katika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Watetezi wake husema alilipa yote aliyodaiwa. Sisi twasema hapana. Sheria ya kutoshika mpira ndiyo inayoufanya mpira wa miguu uwe mpira wa miguu. Kadi nyekundu haikuwekwa ili ipatikane bei ya kuokolea bao. Lakini twakiri jambo moja: hakuficha mkono wake.

Hatari ya kugeuza adhabu kuwa bei ilionekana mahali pasipo na mchezo hata kidogo. Mwaka 1998, katika mji wa Haifa nchini Israeli, wataalamu wawili wa uchumi walichungua shule kumi za watoto wadogo, ambazo wazazi walikuwa wakichelewa kuwachukua watoto wao jioni. Katika shule sita iliwekwa faini ndogo. Wachelewaji hawakupungua, waliongezeka karibu mara mbili! Faini ilipoondolewa, waliendelea kuchelewa vile vile. Zamani mzazi alimwonea haya mwalimu anayemngoja. Sasa alijiona mteja aliyelipia huduma, na haya ile haikurudi tena.

Nasi tunao wateja wa namna hiyo barabarani. Dereva wa basi ahesabuye faini ya mwendo kasi pamoja na gharama za mafuta husema, “Nimelipa, tumemalizana.” Amemalizana na nani? Abiria waliokaa nyuma yake hawakuwamo katika mapatano hayo, wala uhai wao haukuandikwa katika ile risiti.

Turudi mezani kwa kijana wetu wa pili. Kwa maoni yetu si mwizi. Alipiga kwa fimbo, hadharani, kwa zamu yake, chini ya sheria waliyoikubali wote wawili, na hasara, kama ipo, ni ya mshindani aliyekuwa na ruhusa ile ile. Angeuzuia mpira kwa mkono tungesema neno lingine. Tungesema neno lingine pia kama angekuwa ni baba anayecheza na mwanawe wa miaka kumi, maana mtoto hajui kwamba mlango huo upo.

Lakini meza nyingi za mitaani hazina mwamuzi, na huko limo kosa ambalo hakuna sheria iwezayo kulitoza. Ukingo wa shati umegusa mpira, ukasogea kidogo. Mpinzani alikuwa akimwita mhudumu. Mchezaji ananyamaza. Huyu hakununua cho chote, maana hakulipa. Wachezaji wa snooker wamejijengea desturi njema ya kujitangazia makosa wenyewe hata mwamuzi asipoona, na asiyefanya hivyo hudharauliwa na wenzake. Ikiwa juu ya meza kuna fedha za dau, ukimya ule ni wizi, na fedha ile yapaswa kurudishwa.

Kwa hiyo vijana wachezao bila mwamuzi wasemezane kabla ya mpira wa kwanza kupigwa: tunafuata sheria ipi, kosa la makusudi laruhusiwa au halirusiwi, na nani atalitangaza lile ambalo mwenzake hakuliona. Mazungumzo hayo hayamalizi hata dakika mbili.