Kimya cha Nani?

Diski ya kompyuta hufanya kazi miaka na miaka bila mtu kuiwazia, mpaka siku inapoanza kulia. Yangu ilianza kwa kuvuma, halafu ikaongeza mkwaruzo kila nikifungua faili kubwa. Iko ndani ya deskitopu ya mitumba, aina ile inayotoka maofisi ya ng'ambo na kuishia Luthuli Avenue. Fundi aliiwekea sikio, akasema imeanza kuaga, nitafute nyingine kabla haijaondoka na kazi za watu. Mimi huhariri video za harusi na mazishi. Nikamwambia nataka isiyopiga kelele. Akacheka: "Buda, hapa watu huuliza bei na GB. Kimya utafanyia nini na unaishi Highrise?"

Ana pointi. Maghorofa ya Nyayo Highrise yanapakana na Kibera. Usiku kuna kesha, kuna baa, kuna pikipiki. Sheria ipo: kanuni za kelele za mwaka 2009 zinataka makazi yasizidi desibeli 35 usiku. Manze, mtoto mmoja mwenye homa anatosha kuzivunja.

Sasa mvumo wa diski unaongeza nini hapo? Diski nyingi za deskitopu huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kila sekunde. Mtetemo huo huingia kwenye kasha la chuma, kasha likawa kama ngoma, kisha ukapita mezani hadi ukutani. Na ukuta si wangu peke yangu. Upande wa pili kuna mzee mmoja, kitanda chake kimeuegemea. Hajawahi kulalamika. Lakini wahenga walishasema kimya kingi kina mshindo. Jirani anaweza kunyamaza kwa sababu amepima akaona huyu kijana anakula kupitia hiyo mashine, wacha nivumilie. Ikiwa ni hivyo, basi sehemu ya gharama ya kazi yangu inalipwa na usingizi wake, na hakuna siku nimemwandikia risiti.

Schopenhauer, yule mwanafalsafa Mjerumani, alichapisha insha kuhusu kelele mwaka 1851. Kilichomkera zaidi ni mijeledi ya waendesha magari ya farasi: aliona mlio mmoja unakata fikra za mtu mwenye akili katikati. Malalamiko yake nayaelewa. Mizani yake ndiyo inanishinda, kwa sababu mwenye mjeledi naye alikuwa kazini. Sisi wa ghorofani tunafanya vivyo hivyo. Jua kali akianza kugonga mabati asubuhi tunasema "wale watu wa kelele", huku mashine zetu zikivuma usiku kucha ndani ya kuta za wenzetu. Yake inasikika mbali kwa kuwa hana mlango wa kufunga.

Kwa hivyo kabla sijanunua chochote nilibisha kwa mzee. Kumnunulia mtu kimya bila kumuuliza anasumbuliwa na nini naona ni madharau yaliyovaa nguo za wema.

"Mvumo?" akasema. "Huo haunisumbui, kijana, hunilaza. Shida ni ule mkwaruzo. Nimekuwa nikifikiria ni panya. Nimeweka dawa mara mbili."

Nadharia yangu yote ya uvumilivu ikaishia hapo. Hakuwa akinivumilia, alikuwa vitani na panya asiyekuwepo. Nikamuuliza dawa ilikuwa pesa ngapi, akakataa kata kata kusema.

Basi nikarudi kwa fundi nikijua ninachotafuta. SSD haina kitu kinachozunguka ndani, kwa hivyo ni kimya kabisa, lakini kwa ukubwa ninaohitaji kuhifadhi harusi za watu, bei yake si mchezo. Tena ina tabia moja: ikifa, mara nyingi hufa ghafla. Ile ya zamani angalau ilinipa notisi. Nikachukua SSD ndogo ya kazi za kila siku, na diski ya kuzunguka mara 5,400 kwa dakika iwe ya akiba. Hiyo ya pili sikuifunga kwa skrubu. Nilikata vipande vya blada ya baiskeli, ile watu wa boda hufungia mizigo, nikaining'iniza ndani ya kasha isiguse chuma mahali popote. Fundi aliona picha akasema nimeitundika kama nyama kwa bucha.

Mkwaruzo umeisha. Mvumo upo kidogo, ukiweka sikio ukutani. Mzee anasema kwake hausikiki tena, na mimi namwamini kiasi tu, maana ni mtu wa adabu sana.