Mtu Hujitafuta Wapi?

Wenye hekima wa mataifa mengi wamewausia watu wazijue nafsi zao, na kila kizazi huusikia wasia huo kana kwamba umetamkwa jana. Lakini amri hii, ingawa ni fupi, ina tatizo ndani yake. Mtu akipoteza ufunguo huutafuta akijua umbo lake. Akipotewa na mbuzi hujua rangi yake na mlio wake. Aitafutaye nafsi yake hutafuta nini, hali yeye mwenyewe ndiye mtafutaji? Na akiondoka nyumbani kwenda kuitafuta, mzigo aliokuwa akiuchukua amwachie nani? Swali la kwanza ni la wanafalsafa, na huenda lisijibiwe upesi. La pili ni la kila kijana anayekaribia kumaliza shule, nalo ndilo nitakaloliandama hapa kwa msaada wa riwaya nne nilizozisoma karibuni. Kila moja husimulia habari za kijana ajitafutaye, wala hakuna mbili kati yake zinazopatana juu ya mahali pa kutafuta.

Nianze na ile ijulikanayo zaidi duniani, hadithi ya mchungaji wa Andalusia iliyoandikwa na Paulo Coelho wa Brazili na kutolewa mwaka 1988. Kijana Santiago anaota ndoto ya hazina iliyo karibu na piramidi za Misri. Anauza kondoo wake, anavuka bahari na jangwa, na mwisho wa taabu zote anapata habari kuwa hazina imezikwa katika gofu la kanisa alimokuwa akilala na kondoo wale wale. Ni hadithi tamu, nyepesi kama upepo wa alfajiri, nami sishangai kuona imependwa na mamilioni ya watu. Fundisho lake ni kwamba kila mtu ana jambo alilokusudiwa kulitimiza, na akilitaka kwa moyo wote ulimwengu humsaidia kulipata.

Ladha ya maneno hayo ni ya asali. Lakini itazame hali ya Santiago kabla hajaondoka. Baba yake alimpa sarafu za dhahabu pamoja na baraka. Kondoo walikuwa mali yake. Hakuwa na mama mgonjwa wala wadogo zake waliongoja karo. Alikuwa na nafasi ya kuondoka kuliko vijana wengi niwajuao. Tena kule jangwani yumo Fatima, binti ampendaye, aliyeonana naye kisimani, na ambaye kazi yake katika kitabu ni kungoja. Je, yeye haoti ndoto za hazina? Mwandishi hakumwuliza. Ulimwengu wa namna hii huwasaidia wale waliokwisha kusaidiwa, na nusu ya watu wake wameachwa kisimani wakiangalia vumbi la njiani. Hadithi hii nimeisoma kwa raha, lakini siwezi kuifanya dira.

Kongowea hakuwa na kondoo wa kuuza. Yeye ndiye msimulizi wa Siku Njema, riwaya ya Ken Walibora iliyotoka mwaka 1996 na kusomwa kwa miaka kadhaa katika shule za sekondari za Kenya. Alikulia Tanga, mtoto wa mwimbaji wa taarabu, na baba hamjui. Mama akafa. Mtoto akabaki na malezi ya uchungu, na watu wakamtupia lile tusi ambalo mtoto hutukanwa kwa jambo lililotendeka kabla hajazaliwa. Mwisho akavuka mpaka, akaingia Kenya kumtafuta baba, na njia ikamfikisha mpaka upande wa Kitale. Kongowea ni jina la kale la Mombasa. Kwa hiyo kijana huyu aliishi katika mji mmoja huku akiitwa kwa jina la mji mwingine, kana kwamba safari ilikwisha kuandikwa katika jina lake.

Wako wasemao kuwa riwaya hii imejaa sadfa: watu hukutana mahali wasipotazamia, na siri hufunuka kwa wakati ule ule inapohitajiwa. Ni kweli, na mara moja mbili nilitamani mwandishi angeuzuia mkono wake. Lakini kosa hilo si kubwa. Jambo linalonishughulisha zaidi ni hili: mtu akimjua baba yake, je, amejijua? Hebu tuseme kijana huyu angefika Kitale akaambiwa kuwa hakuna mtu aliyepata kuitwa kwa jina lile alitafutalo. Je, mtoto yule aliyelelewa na sauti ya mama yake, aliyestahimili masimango, aliyeipenda lugha na vitabu, angegeuka kuwa si mtu? Siamini. Baba angeweza kumpa jina la ukoo na kulizima tusi, na hilo si jambo dogo kwa mtu aliyetukanwa. Lakini miguu iliyomfikisha huko ilikuwa imekwisha kuwa yake. Thamani ya Siku Njema kwangu iko katika njia kuliko katika kufika. Njiani tunamwona kijana akipokea mema na mabaya kutoka kwa watu wasio wa damu yake, naye akichagua yapi ayachukue na yapi ayaache.

Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi ni kitabu kigumu zaidi. Mwandishi alizaliwa Ukerewe mwaka 1944, na riwaya yake ilitoka mwaka 1974. (Yeye na Walibora waliaga dunia katika mwaka mmoja, 2020, nayo lugha ya Kiswahili ikapata misiba miwili mikubwa.) Kazimoto ni mwanafunzi wa chuo kikuu arudiye kijijini kwao na kukuta kwamba elimu imejenga ukuta kati yake na jamaa zake. Anawaona, anawasikia, lakini ni kama mtu atazamaye watu ng'ambo ya mto. Basi anajigeukia mwenyewe, akichimba ndani ya moyo wake kama mtu achimbaye kisima penye mwamba, na kadiri anavyochimba ndivyo anavyozidi kukosa maji. Habari zake zinaishia katika kifo alichojitakia mwenyewe.

Kwa sababu ya mwisho huo wako wazee waonao kuwa kitabu hiki hakiwafai vijana. Mimi naona kinawafaa, iwapo watakisoma na mtu wa kuzungumza naye. Kezilahabi hamsifu Kazimoto. Anamfuata mtu aliyejitenga, na kuonyesha kwa uaminifu jinsi akili inavyoweza kujila yenyewe inapokosa mwenzi wa kusema naye. Tena kuna jambo moja ambalo wasomaji wengi hulipita upesi. Manase, mwenzake wa utotoni, alimharibu Rukia, dada yake Kazimoto. Kazimoto akataka kulipiza kisasi kwa kumharibu Sabina, dada yake Manase. Zingatia: mtu ajiulizaye mchana na usiku maana ya maisha ni nini, hakujiuliza Sabina ni nani. Alimtazama kama fimbo ya kumpigia adui. Baadaye alimwoa, na pendo likaingia, lakini mwanzo ulikuwa huo. Kama mtu aweza kutafakari sana juu ya nafsi yake bila ya kumwona jirani yake kuwa naye ni nafsi, basi kutafakari kwake kuna kasoro mahali fulani, hata kukiwa na kina kama bahari.

Sasa naifikia riwaya ya nne, ambayo imenikalia moyoni kuliko nyingine. Abdulrazak Gurnah alizaliwa Unguja mwaka 1948, akaandika kwa Kiingereza huko Uingereza, akapata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Riwaya yake ya mwaka 1994 ilifasiriwa na Ida Hadjivayanis na kutolewa kwa Kiswahili mwaka 2022 kwa jina la Peponi. Mambo yake yanatendeka katika nchi hii ya mashariki kabla tu ya vita vya mwaka 1914. Yusuf ana miaka kumi na miwili. Baba yake ana hoteli ndogo isiyostawi. Mara kwa mara huja mgeni tajiri, Aziz, mwenye manukato na adabu, ambaye mtoto anamwita kwa jina la ujamaa, na kila aondokapo humpa sarafu ya anna kumi. Siku moja Yusuf anaambiwa ataondoka na mgeni huyo kwa gari la moshi. Kule pwani, kijana mwingine aitwaye Khalil, mwuza duka, anamfunulia mambo: Aziz si jamaa yako, usimwite hivyo, mwite Seyyid; wewe umetolewa rehani kwa deni la baba yako, kama mimi nilivyotolewa.

Hapa methali yetu moja inapata mtihani. Twasema mkataa kwao mtumwa. Methali hii hutumika sana kumrudisha kijana anapotaka kuondoka, na mara nyingi hutumika kwa haki. Lakini Yusuf hakukataa kwao. Kwao ndiko kulikomtoa. Mkono uliomtia utumwani ulikuwa mkono wa baba, nao ulikuwa umeshikilia daftari ya madeni. Msomaji aijuaye Kurani atamkumbuka Nabii Yusuf aliyeuzwa na ndugu zake, na mwandishi ametaka tumkumbuke, hata katika habari ya kanzu iliyoraruliwa kwa nyuma. Mtoto wa namna hii akijitafuta, aanzie wapi? Hawezi kuuza kondoo, maana yeye mwenyewe ndiye kondoo. Hawezi kumtafuta baba, maana anajua vema baba yuko wapi na alifanya nini.

Nyuma ya nyumba ya Aziz pana bustani yenye ukuta, maji na miti ya matunda, na humo mzee Hamdani, mtunza bustani, hufanya kazi kimya. Zamani alipewa uhuru wake akakataa kuondoka. Yusuf anapomwuliza sababu, jibu la mzee, kwa maana yake, ni kwamba wale waliompa uhuru walijifanya kuwa nao wa kutoa, hali hawakuwa nao. Jibu hilo lilinifanya nikifunge kitabu kwa muda. Upande mmoja ni jibu la mtu huru kuliko bwana wake. Upande wa pili, mzee huyo amebaki ndani ya ukuta akichota maji ya bustani ya mtu mwingine mpaka uzee wake. Yote mawili ni kweli, wala mwandishi hatusaidii kuchagua. Maoni yangu ni kwamba Hamdani ameihifadhi nafsi yake, lakini bei aliyoilipa haimpasi mtu yeyote kutozwa, na anayemsifu sana mzee huyu hana budi kwanza kumlaani aliyejenga ukuta.

Hukumu yangu juu ya riwaya hizi, kwa hiyo, ni kama ifuatavyo. Kujitafuta si kosa, wala si anasa ya wenye nafasi peke yao. Lakini kunafaa kupimwa kwa madeni. Santiago anatafuta mtu asiye na deni lolote, na mtu wa namna hiyo hayuko duniani, maana hata maziwa tuliyonyonya tulikopeshwa. Kazimoto anayaona madeni yote kuwa uongo. Kongowea anataka kujua kwa haki nani anamdai na yeye anamdai nani, na kwa hiyo safari yake ina uzito. Yusuf analipa deni asilolikopa, naye ana haki ya kusema halilipi tena. Kuna madeni ya kulipwa kwa furaha, kama ya mama aliyetulea, na kuna madeni ambayo watu wazima wametuandikia migongoni usingizini. Kijana akiyachanganya hayo mawili atakuwa ama mtoro ama mtumwa.

Mwenzangu mmoja mwalimu alinipinga, akisema kuwa kipimo hiki hakimsaidii Yusuf hata kidogo, kwa sababu kujua deni si lako hakuvunji ukuta. Amesema kweli, na mwisho wa riwaya waonyesha ugumu huo. Askari wa Wadachi wanapita wakikamata watu. Yusuf anajificha, anawaona, anaiona na aibu yake mwenyewe wazi, kisha askari wakiondoka anasikia kama milango ya bustani inakomewa nyuma yake. Anageuka kutazama, halafu anawakimbilia wale askari. Wako wasomao hapo wakaona ukombozi: kijana amechagua kwa mara ya kwanza. Wengine wanaona amebadili bwana kwa bwana, tena bwana mwenye bunduki. Mimi naona alikimbia kwa sababu mlango mmoja tu ulikuwa wazi, na mtu aliye na mlango mmoja hatuwezi kusema amechagua, wala hatuwezi kumlaumu kwa kupita. Lililonisumbua zaidi ni kwamba Amina, yule binti ambaye naye alitolewa kwa deni pamoja na Khalil, na ambaye Yusuf alimpenda, yuko ndani ya ukuta ule milango inapofungwa. Yusuf alitazama nyuma mara moja tu, na kitabu kinaishia hapo.