VIJANA WETU MBELE YA MEZA YA PATRO

 

Somo letu ni Injili ya Matayo, sura ya 20, kutoka mstari wa 1 mpaka wa 7. Habari ya yule bwana wa shamba la mizabibu mliisikia mara nyingi. Kwa kawaida tunaihubiri kwa ajili ya mwisho wake, pale wa mwisho wanapopokea sawasawa na wa kwanza. Leo hatutafika huko. Tunataka kusimama mwanzoni, sokoni, asubuhi, pamoja na watu wanaotafuta kazi, kwa sababu vijana wetu wako pale pale wanangoja.

Tazameni vizuri. Bwana yule alipatana kwanza na watumishi juu ya dinari moja kwa siku, ndipo akawapeleka shambani. Mapatano kwanza, jembe kisha. Na wale wa saa ya kumi na moja, alipowauliza sababu ya kusimama bure mchana kutwa, walimjibu kwamba hakuna mtu aliyewaandika. Wala hakuwaita wavivu. Sisi tuna wababa hapa paruasi wanaowaita watoto wao wavivu kila asubuhi mbele ya chai.

Hapa Lubumbashi neno kazi lina maana yake tangu zamani. Mwanamke anayeamka saa kumi kwenda kuuza mkate, watu wanasema hana kazi. Kazi ni ile ya kuandikwa: uwe na namba, uwe na unga wa kila mwezi, nyumba ya kampuni, na hospitali ya watoto. Baba zetu waliingia hivyo Union Minière, na baada ya mwaka 1967 Gécamines. Kisha wakatoka. Katika mwaka 2003 na 2004 watumishi zaidi ya 10,000 walipewa fedha za mwisho wakaenda nyumbani. Watoto wa watu hao, na sasa wajukuu wao, wanamaliza sekondari, wanapata diploma ya serikali, na mlango unaofunguka mbele yao ni mmoja tu: kutembeza. Kutembeza taa za jua, kadi za simu, vichungi vya maji, sabuni, dawa za miti, na tangu mwaka 2019, soko la bima lilipofunguliwa kwa kampuni nyingi, hata bima. Nyumba kwa nyumba, Katuba, Kenya, Ruashi, Bel-Air, jua likiwaka.

Tusiidharau kazi hii. Bwana Yesu mwenyewe aliwatuma wanafunzi 70 wawili wawili, wafike kwenye milango ya watu wasiowajua, waanze kwa salamu ya amani. Lidia wa Tiatira aliuza nguo za rangi ya zambarau, na mlango wake ndio uliofunguka kwa Habari Njema kule Filipi. Na Papa Simon Kimbangu, alipokimbia wito wa Bwana akaenda Kinshasa kutafuta kazi, wazee wametusimulia kwamba alitumika katika kampuni ya mafuta bila kupokea mshahara wake. Kijana uliyetumika ukanyimwa fedha, usifikiri Papa hajui njia hiyo.

Sasa tuseme habari ya mahojiano yenyewe, maana vijana wengi wamekuja kutusimulia, na masimulizi yao yanafanana sana.

Unapata ujumbe kwenye simu: kampuni kubwa inatafuta mawakala, diploma si lazima, uje na dosye yako kesho saa mbili. Unafika, unakuta watu 50 wameitwa saa ile ile. Kijana mwenye kravati anasimama mbele, anaonyesha picha za magari na nyumba, anasema naye alianza kama ninyi. Watu wanapiga makofi. Kisha unaingia ofisini, dakika tatu. Hawakuulizi ulisoma nini. Wanakuuliza una majina mangapi kwenye simu yako, una wajomba wangapi, unasali wapi na kanisa lina watu wangapi. Halafu wanasema umefaulu. Wote 50 wamefaulu! Kinachobaki ni dola 10 za fomu, dola 15 za mafundisho, na beji.

Wapendwa, patro anayetafuta mtumishi huwa anatoa fedha. Anayekuomba fedha kabla ya kukupa kazi amekwisha kupata mnunuzi wake, ni wewe. Na akikuambia kwamba faida yako itatoka kwa watu utakaowaingiza, nao kwa watu watakaowaingiza wao, nenda kawaulize wazee juu ya Bindo Promotion ya Kinshasa. Wa kwanza walilipwa kwa fedha za waliofuata, nchi nzima ikaimba jina hilo, na mwaka 1991 ikaanguka. Kwa hiyo majina ya waaminifu yaliyo katika daftari la paruasi, namba zao za simu, korali, fanfari, kikundi cha wamama, si bidhaa ya kumpelekea mtu. Kijana anayetaka kuwauzia wandugu taa, awauzie kwenye mlango wao kama anavyowauzia jirani, wala asisimame baada ya ibada kusema kwamba Mchungaji amebariki taa hizo.

Kuna mahojiano mengine ambayo ni ya kweli, na huko ndiko mapigano yalipo. Kijana mmoja wetu aliitwa pamoja na wengine wanane. Patro akatoa kalamu mfukoni, akamwambia amuuzie. Ni jaribu la kawaida, wanalifanya kila mahali. Kijana akaipima kwanza kwenye kiganja chake, haikuandika. Akasema, Patro, hii haiandiki. Watu wakacheka. Patro akamwambia kwamba muuzaji haangalii kalamu, anaangalia mfuko wa mtu. Kazi wakapewa wengine watatu, yeye akarudi nyumbani kwa miguu kutoka mjini mpaka Katuba. Mama yake ni mjane, na kodi ya nyumba ilikuwa imebaki miezi miwili.

Wengine katika ukoo walimlaumu. Walisema angesema uongo kidogo, angeomba rehema kisha. Sisi tunasema alifanya vizuri, na tunasema bila kuficha, kwa maana Mezali 11:1 haisemi kwamba mizani ya uongo ni chukizo siku ambapo umekwisha kula. Lakini hatuwezi kusema hivyo halafu tuende zetu. Kanisa letu limesimama juu ya maneno matatu, Bolingo, Mibeko, Misala. Upendo, amri na kazi. Tukimpa kijana amri peke yake na kumwacha mama yake mbele ya mwenye nyumba, tumemfundisha sehemu moja ya tatu. Kodi ya mwezi mmoja ya yule mjane ililipwa na kikundi cha wamama. Wa pili bado.

Jambo la bia na tumbako ni lile lile. Wasichana wetu wanaitwa kufanya matangazo: nguo fupi, chupa mkononi, bar kwa bar mpaka usiku wa manane, na mshahara mara nyingi unapita ule wa taa. Anayehojiwa anaulizwa, dini yako inakubali? Binti, jibu ukweli. Sheria ya Kanisa juu ya pombe na tumbako unaijua tangu shule ya siku ya Mungu, nasi hatutakuuliza baadaye kwa nini ulikataa. Na patro akikuambia kwamba mahojiano ya pili yatafanyika jioni, hotelini, peke yako, hayo si mahojiano. Usiende. Mwambie mama, na kama mama hayuko, mwambie mama mwingine wa paruasi, siku ile ile.

Basi kijana auulize nini? Watoto wetu tumewafundisha kunyamaza mbele ya wakubwa, na ni heshima nzuri, lakini mbele ya meza ile wanatoka hawajui hata watalipwa siku gani. Mwangalieni Yakobo. Katika Mwanzo 29:15 Labani mwenyewe ndiye aliyemuuliza ataje mshahara wake, na Yakobo akautaja: miaka saba kwa ajili ya Raheli. Hata hivyo alidanganywa, na baadaye, sura ya 31, analia kwamba mshahara wake umegeuzwa mara kumi. Huo ndio ugonjwa wa komisyo. Mwezi wa kwanza taa moja inakupa franka kadhaa. Mwezi wa pili unasikia kwamba ni mpaka uuze taa 20. Mwezi wa tatu mnunuzi akichelewa kulipa deni, wanakata kwako. Kwa hiyo uliza kwa sauti ya upole, mikono ikiwa imetulia: Patro, kuna mshahara wa chini au ni komisyo tu? Nauli ni ya nani? Bidhaa ikiibwa njiani, au mtu akikataa kulipa, nani anabeba? Mkataba nitausaini lini? Patro mwema hakasiriki kwa maswali hayo. Akikasirika, amekwisha kujibu.

Tena mjue sheria ya nchi, maana si dhambi kuijua. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 36, inaita kazi haki na wajibu mtakatifu wa kila Mkongomani. Sheria ya Kazi, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inataka mkataba uandikwe. Hata ukikosa karatasi, unaweza kuonyesha kwa njia nyingine kwamba ulitumika: ujumbe wa simu, daftari la mauzo, mashahidi. Muda wa kupimwa nao lazima uandikwe. Kwa mtumishi asiye na ufundi haupiti mwezi mmoja, kwa wengine haupiti miezi sita. Kwa hiyo yule anayewatembeza vijana wiki sita bure, akisema bado anawaangalia, anawala. Mkaguzi wa Kazi yuko, na malalamiko yanapelekwa kwake kabla ya kufika mahakamani. Shida ni kwamba kampuni nyingi zinakuandikia kwamba wewe ni mchuuzi wa kujitegemea, si mtumishi wao, ili usiwe na mlango wa kugonga. Soma neno hilo kabla ya kutia sahihi.

Naye kijana ajichunguze. Asipeleke diploma ya kununua. Asiseme anajua Kiingereza kama anajua salamu tu. Afike mapema, nguo safi, viatu vimefutwa vumbi. Na akiandikwa, amwambie mnunuzi ukweli. Tuna mama mmoja, mjane, anayetembeza taa za jua miaka mingi. Wakati wa mvua anawaambia watu mbele ya fedha kwamba taa hii haitajaa vizuri siku za mawingu, utapata saa tatu za mwanga, si nane. Wengine wanamwacha. Wengi wanarudi kwake, hata kwa ndugu zao wa Likasi, wakisema wanataka taa ya yule mama asiyedanganya. Hakutajirika. Watoto wake wanne wanasoma.

Neno moja kwenu mlio ndani ya nyumba. Kijana akigonga mlango wako mchana, amebeba mfuko, msimwachie mbwa, wala msimdanganye kwamba baba hayuko. Kama hununui, mwambie hununui, umpe maji ya kunywa. Anaweza kuwa wa paruasi nyingine, na mtoto wako mwenyewe saa ile anagonga kwa mtu huko Ruashi.

Siku ya Alhamisi, baada ya maombi ya jioni, wababa wawili waliokuwa wakiandika watu kazini watakaa katika darasa la kwanza la shule yetu. Watawahoji vijana mmoja mmoja kama kwa patro, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, na kuwasahihisha. Hakuna malipo. Wamama wataweka sanduku mlangoni kwa ajili ya nauli ya mwezi wa kwanza ya wanaoanza kazi, na kwa ile kodi iliyobaki. Mwenye mkataba ambao hajatia sahihi, aje nao kabla ya kutia.