Ukuta wa Dari na Moshi wa Mtambo

Katika Kumbukumbu la Torati 22:8 Mungu anamwagiza anayejenga nyumba mpya azungushie dari yake ukuta, mtu asije akaanguka, na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Nyumba ni yake na fedha ni zake, lakini Mungu hamwachii aamue mwenyewe kama ukuta unahitajika. Wala hangoji mtu aanguke kwanza.

Agizo hili linatuongoza katika swali la siku zetu: je, ni haki kuiwekea sheria kali mitambo mikubwa ya umeme itoayo moshi, wakati watu wengi bado wanahitaji umeme?

Umeme ni kipawa cha Mungu. Mama anayejifungua usiku hospitalini Ndolage anajua thamani yake. Lakini Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo, anapoeleza ombi la mkate wa kila siku anataja pia afya na serikali njema. Basi tukiomba umeme, katika sala hiyohiyo tunaomba mapafu mazima na watawala wa kuyalinda.

Tuangalie Lamu, Kenya. Mwaka 2016 mamlaka ya mazingira ilitoa kibali cha kujenga mtambo wa megawati 1,050 wa makaa ya mawe. Wakazi, wakiwamo wavuvi, walipinga. Tarehe 26 Juni 2019 baraza la rufaa za mazingira likafuta kibali hicho, maana wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Walikuwa na sababu ya kuhofu: makaa yakiungua hutoa gesi ya salfa, zebaki na vumbi laini linalopenya mapafu hadi kwenye damu. Bomba refu haliondoi sumu hiyo. Huipeleka kwa jirani wa mbali zaidi. Vichujio huizuia kwa sehemu kubwa, lakini vina gharama. Asiyevinunua huuza umeme kwa bei nafuu, na tofauti hulipwa na mtoto anayekohoa. Hapo amri ya tano imeguswa, kwa kuwa inatutaka tusiudhuru mwili wa jirani, tena tumsaidie.

Wengine husema dhamiri ya mwenye mtambo inatosha. Haitoshi. Mwema akinunua vichujio peke yake, mshindani wake asiyejali atamshinda kwa bei. Sheria inayowabana wote humzuia mbaya, na humwezesha mwema kutenda mema bila kufilisika. Ndiyo sababu Mungu ametupa serikali.

Sisi wa Bukoba na Muleba kwa miaka mingi tumewashiwa taa na umeme kutoka Uganda, utokanao na maji ya Nile. Ni rahisi kusema moshi wa mitambo hautuhusu. Lakini Tanzania ina makaa ya mawe Mchuchuma na Kiwira, na watu wanaoishi huko ni jirani zetu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mkaaji wa nchi hii haki ya mazingira safi na salama. Haki hiyo hulala pale wananchi wanaponyamaza.

Wapendwa, mradi wowote ukiletwa kwenye mkutano wa kijiji, hata mashine ya kukoboa kahawa, tuhudhurie na tuulize kwa upole: moshi na vumbi vitaelekea wapi? Nani anaishi huko? Nani atapima, na majibu tutayaona wapi? Anayeuliza hivyo hapingi maendeleo. Anadai ukuta ujengwe kabla mtu hajaanguka.