Bahati ya Stesheni

Husemwa kuwa mji hustawi kwa bidii ya wenyeji wake. Korogwe na Handeni hulitia neno hilo mashakani. Reli iliyoanzwa Tanga mwaka 1893 ilifika Korogwe mwaka 1902, na Moshi mwaka 1911. Haikuja kwa ombi la mwenyeji. Ilifuata ardhi iliyotamaniwa na walowezi wa Kijerumani. Handeni, kusini ya mto Pangani, iliachwa kando.

Basi aliyezaliwa karibu na stesheni aliuza machungwa yake dirishani mwa behewa. Mwenzake wa Handeni alijitwika mahindi kichwani, akatembea mwendo mrefu, na mwisho akaitwa mvivu. Je, ni haki bahati ya mmoja kuhesabiwa sifa, na mkosi wa mwingine kuhesabiwa kosa? Jawabu si jepesi, maana mtu wa Korogwe naye alitoka jasho, na jasho lake si uongo. Lakini jasho lilelile, likimwagika mbali na reli, halikupata bei ile.

Baadaye treni za abiria zilikoma miaka mingi, hata ziliporejea Desemba 2019. Stesheni ilikuwa kimya, na wachuuzi wakahamia barabarani kungoja mabasi. Hakuna aliyesema kuwa watu wa Korogwe wamekuwa wavivu.