Daftari la Fadhila

Aprili 2014, treni ya mizigo iliacha reli kaskazini mwa Kamina, katika jimbo la Katanga, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwenye njia iendayo Mwene-Ditu. Juu ya mizigo walikuwa wamepanda watu kwa mamia, kama wafanyavyo wasafiri wa Katanga wanaposubiri treni ya abiria hadi wakachoka. Watu wasiopungua 48 walikufa.

Tuseme mmoja wa walionusurika alikuwa mchuuzi wa vitenge, mgeni wa mji, aliyevunjika paja. Jina lake tuliache. Tabia yake inatosha.

Wanakijiji walimchomoa katika vyuma, wakambeba kwa machela ya miti. Hospitalini Kamina alilala kitandani wiki kumi, mguu ukivutwa kwa kamba yenye mfuko wa mchanga ulioning'inia. Hospitali nyingi za Kongo hazina jiko la wagonjwa. Anayekulisha ni ndugu yako, na ndiye anayekufulia na kukimbilia dawa. Mchuuzi hakuwa na ndugu pale. Kwenye kitanda cha jirani alikuwapo mama muuza makala, akimuuguza mwanawe. Jioni alipomega bukari, yaani ugali, alimega mafungu matatu badala ya mawili, akaweka mboga ya sombe pembeni, akamsogezea mgeni sahani bila kusema neno. Kijana mmoja anayesukuma mizigo kwa baiskeli alimtolea damu. Wanakwaya wakachangishana fedha za bili, maana asiyelipa haachiwi aondoke.

Sasa mchuuzi alikuwa mtu wa hesabu. Chini ya mto aliweka daftari, na kila usiku aliandika: "Mama wa makala, sahani 1. Kijana wa baiskeli, damu, chupa 1. Kwaya, bili." Aliona hiyo ndiyo shukrani: kutosahau hata kimoja.

Mwaka 2015 Katanga iligawanywa kuwa majimbo manne, na Kamina ikawa makao makuu ya Haut-Lomami. Watumishi wa serikali wakaja, wakataka nyumba. Mchuuzi, aliyeamua kubaki, akaacha vitenge akauza saruji na mabati, mali ikamjia. Jumamosi moja alitia fedha katika bahasha, juu ya kila moja akaandika kwa mkono wake "Imelipwa", akazungukia watu wote wa daftari. Kila alipotoka nyumba moja, alikata jina kwa kalamu nyekundu.

Mama wa makala aliigeuza bahasha mkononi.

"Mwanangu, mimi sikukuuzia bukari."

"Najua, mama. Lakini sipendi kudaiwa."

Akaondoka akijiona mwepesi.

Miaka miwili baadaye yule mtoto wa kitanda cha jirani alifariki. Mama akatuma mtu dukani kutoa habari ya kilio. Mchuuzi alikuwa akihesabu mabati. Alisikitika kweli, lakini akajibu, "Mwambie pole. Hesabu yetu ilikwisha fungwa." Hakwenda.

Kisha mama yake mzazi, aliyekuja kuishi naye Kamina, akafa. Mchuuzi alitandaza turubai, akakodi viti 100, akanunua kuni za moto wa usiku. Walikuja wafanyakazi wake na wateja wachache. Kufikia saa nne usiku viti vilikuwa vitupu. Hapakuwa na mama wa kuanzisha wimbo, wala mzee wa kumwambia, "Kaa, baba, sisi tupo." Wachimba kaburi ilibidi awalipe.

Hata hivyo, bahasha zilikuja. Watoto walizileta mmoja mmoja, wakapokea asante, wakarudi makwao. Ya mwisho ilikuwa imekunjamana, yenye harufu ya makala. Aliigeuza karibu na moto akauona mwandiko wake mwenyewe: "Imelipwa." Haikuwa imefunguliwa.

Ndugu msomaji, mchuuzi huyu hakuwa mwizi wala mkaidi. Alirudisha kila kitu, na hapo ndipo alipokosea. Deni hulipwa likaisha, na likiisha watu huachana. Fadhila ni undugu. Ukiilipa ili iishe, umeukata. Wahenga walionya: usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Na si lazima kuwatukana. Kuwaambia kwamba mmemalizana kunatosha.

Basi kama uliwahi kulala chali ukalishwa na mkono wa mtu usiyemjua, usimtafutie bahasha. Mwite kwa jina. Mtembelee asipokuwa na shida, na siku ya kilio chake uwe wa kwanza kuketi. Tena rudi katika wodi ile ile na sahani ya bukari, umtafute mgonjwa asiye na ndugu. Yupo.