Wekundu wa Heroe na Haki ya Tope

Ras Al Khor ni jina ambalo Mswahili hahitaji kamusi ili alielewe: rasi na hori ni maneno yake pia. Pale linapoishia hori la Dubai, katikati ya barabara kuu, zimetengwa takriban kilomita 6 za mraba za maji mafupi, chumvi na mikoko. Mwaka 2007 eneo hilo liliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar wa 1971 unaolinda ardhioevu. Mgeni hashuki majini; hukaa kibandani, akawachungulia heroe, na nyuma yao akauona mnara wa Burj Khalifa.

Katika mji ambao kila shubiri ya ardhi ina bei, kinachohifadhiwa hapo ni uhai au mandhari? Wapo watakaosema kwamba swali hili ni la anasa: ilmradi ndege wamesalimika, nia ya mlinzi haina uzito. Hoja hiyo ina nguvu, kwani ndege haishi kwa nia, huishi kwa chakula. Hata hivyo, nia ndiyo itakayoamua kitakachobaki siku heroe wasipotua.

Heroe hazaliwi na wekundu wake. Kinda huwa wa kijivu. Rangi huipata kwa kula uduvi na mwani wa majini na topeni. Anayeupenda wekundu na kulidharau tope anapenda tokeo na kukana chanzo. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Lipo pia deni la kale. Majahazi yaliyokuja na kaskazi yalirudi Ghuba na kusi yakiwa na boriti za mikoko ya Lamu na Rufiji. Nyumba zikaezekwa kwazo, na upana wa vyumba ukafuata urefu wa boriti. Je, mikoko iliyopandwa Ras Al Khor inalipa deni hilo? Hapana, deni hulipwa kwa mdai mwenyewe. Lakini anayepanda amekiri kwamba mkoko una thamani ungali umesimama.

Heshima huanza pale mtu awezapo kukaribia, asikaribie. Na uadilifu wa mji haupimwi majira ya baridi, heroe wanapojaa, bali kiangazi, wengi wanapokuwa wameondoka na kibanda kimebaki kitupu. Tope linalolindwa wakati huo ndilo lililolindwa kweli.